Wiki 12 na kapsuli za CLA: kitambi kimebaki, ini ndilo lililolalamika

Nilianza nikiwa na kilo 84.6 na kiuno cha sentimita 101. Baada ya wiki 12 za kumeza CLA bila kuruka siku, mzani ukasoma 83.9 na tepu ikasoma 100. Hiyo sentimita moja yenyewe siiamini sana, maana inategemea siku hiyo umeivuta tepu kwa nguvu kiasi gani. Tundu la mkanda ni lilelile.

Kwa asiyeijua, CLA ni asidi ya mafuta iliyomo kwa kiasi kidogo katika maziwa na nyama ya wanyama wanaocheua. Ilianza kupata jina baada ya kikundi cha Michael Pariza, Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, kuitambua mwaka 1987 kwenye nyama ya ng'ombe ya kukaanga, na wakati huo kilichokuwa kinazungumzwa ni kuzuia saratani. Habari kwamba inapunguza kitambi zilikuja baadaye. Ile ya kwenye makopo haitoki kwa ng'ombe. Hutengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya mbegu.

Kapsuli zenyewe ni kubwa, rangi ya dhahabu, unaona mafuta yanacheza ndani ukiiinua kwenye mwanga. Hazinuki. Mbele ya kopo imeandikwa 1000 kwa herufi kubwa. Geuza kopo, soma maandishi madogo: asilimia 80. Maana yake kila kapsuli ina miligramu 800 za CLA, na tatu kwa siku kama walivyoelekeza zinakupa gramu 2.4. Majaribio mengi yaliyotoa matokeo ya kujivunia yalitumia kama gramu 3.2, yaani kapsuli nne. Mwezi wa kwanza nilifuata maelekezo, kisha nikapanda hadi nne. Kuanzia hapo tumbo likaanza visa: gesi, na choo laini kila asubuhi. Nikizimeza katikati ya chakula ilikuwa nafuu kidogo.

Je, kampuni ilinidanganya? Sidhani, na hapo ndipo ujanja ulipo. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha majaribio 18 ya watu ulikuta kwamba kwa hizo gramu 3.2, waliotumia CLA walipoteza mafuta kilo 0.09 kwa wiki zaidi ya waliopewa kapsuli bandia zisizo na CLA. Zidisha kwa wiki 12: ni kilo moja na ushee. Tangazo likisema "imethibitishwa kupunguza mafuta" halijasema uongo. Limenyamaza tu kuhusu kiasi. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ukiinywa inasogeza mzani kuliko hivyo.

Ningeishia hapo na kutoa nyota tatu, kama si kipimo cha damu. Nilienda kwa uchunguzi wa kawaida wa kila mwaka. ALT yangu (kimeng'enya cha ini, kikipanda kwenye damu ni dalili kwamba ini linaumia), ambayo mwaka uliopita ilikuwa 34, ikaja 91. Daktari akaniuliza, "Kaka, kuna dawa yoyote unatumia?" Nikajibu hakuna. Pombe? Hapana. Dawa za mitishamba? Hapana. Akapima homa ya ini B na C, zote safi. Nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka kopo lililo juu ya friji. Nikarudi nikakaa.

Hakucheka, ila aliweka kalamu chini. Akaniambia niache na nirudi baada ya wiki sita. Niliporudi ALT ilikuwa 47, na miezi mitatu baada ya kuacha ikawa 33. Mimi ni mtu mmoja, na damu ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Lakini katika wiki hizo sikubadilisha kingine chochote, hata chai yangu ilikuwa na sukari ileile.

Nikaenda kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla. CLA ya madukani huwa ni mchanganyiko wa maumbo mawili, karibu nusu kwa nusu. Linaloitwa trans-10, cis-12 ndilo linaloyeyusha mafuta. Kwa panya linayeyusha kwelikweli, wanakonda hadi inashangaza, lakini mafuta yakikosa pa kuhifadhiwa chini ya ngozi yanahamia kwenye ini, na ini linavimba. Binadamu si panya, na kwetu watumiaji wengi vipimo vya ini havitikisiki. Hata hivyo zipo ripoti chache za watu waliopata homa ya ini baada ya kutumia CLA, mmoja wao akaishia kubadilishiwa ini. Na mwaka 2002, watafiti wa Sweden waliwapa wanaume wanene umbo hilo peke yake kwa wiki 12, insulini yao ikafanya kazi vibaya zaidi. Kwenye kopo langu hakuna hata mstari mmoja wa hayo.

Kwa wanaouliza kuhusu omega-3, ile ya mafuta ya samaki, badala yake: ni kitu kingine kabisa. Haipunguzi mwili. Inashusha trigliseridi, aina ya mafuta yaliyo kwenye damu, na inaweza kupunguza mafuta ya ini kwa baadhi ya watu, ila kwa dozi kubwa. Kapsuli ya kawaida ya mafuta ya samaki ya 1000 ina miligramu 180 za EPA na 120 za DHA tu, ambazo ndizo omega-3 zenyewe. Kufikia gramu 4 ambazo madaktari huandikia trigliseridi ungehitaji kapsuli 14 kwa siku, na hapo kila ukibeua utadhani umemeza soko la samaki.

Kuhusu ini lenye mafuta, daktari alinipa hesabu fupi: punguza asilimia 5 ya uzito, mafuta ya ini yanaanza kushuka, asilimia 7 hadi 10, hata uvimbe unatulia. Kwangu hiyo 5 ni kilo nne na ushee. CLA ilinipa gramu 700.

Nyota moja na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu hazinuki. Kopo la nne limebaki na kapsuli 52; mdogo wangu aliliomba, nikamwambia kwanza aniletee majibu yake ya ALT. Hajarudi.