Blade Runner 2049: sehemu ya pili isiyokuja kuganga njaa

Muvi inayoletewa mwendelezo baada ya miaka 35 ina kila sababu ya kushukiwa. Mbinu zake tunazijua: mzee wa sehemu ya kwanza anarudishwa ili apambe bango, milipuko inaongezwa, halafu fumbo lililowakosesha watu usingizi miaka yote linajibiwa kwa sentensi moja, basi. Blade Runner ya Ridley Scott, ya 1982, yenyewe haikuuza tiketi vizuri ilipotoka; heshima iliipata baadaye. Kwa hiyo Denis Villeneuve alipoleta Blade Runner 2049 mwaka 2017, Harrison Ford yumo kwenye bango na urefu ni dakika 163, waliosema "hiyo ni hela tu inatafutwa" hawakuwa na makosa kufikiri hivyo. Ukiitazama, maneno hayo yanaanza kukauka mdomoni kabla ya robo saa kwisha.

Inaanza kwa utulivu. K (Ryan Gosling), askari wa Los Angeles ambaye mwenyewe ni mtu wa kutengenezwa kiwandani, anafika shambani kwa Sapper Morton, anayefuga funza kwa ajili ya protini. Jikoni kuna sufuria inatokota. Dave Bautista, pandikizi la mtu, anavaa kimiwani kidogo na kuongea kwa sauti ya mtu aliyechoka. Ugomvi ukija ni mfupi, mzito, na ukuta unavunjika. Kisha chini ya mti uliokufa kinaonekana kiini cha kesi nzima: sanduku lenye mifupa ya mwanamke wa kutengenezwa ambaye, kinyume na kila kinachojulikana kuhusu viumbe hao, alizaa. K anaamriwa na bosi wake amtafute huyo mtoto na kufuta ushahidi.

Ford? Zaidi ya nusu ya muvi inapita hujamwona. Na lile swali la zamani, kama Deckard, anayeigizwa na Ford, ni binadamu au naye ametengenezwa, linaguswa na kuachwa pale pale lilipokuwa. Hapo ndipo shabiki wa sehemu ya kwanza anapoanza kuvua silaha.

Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii. Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anajua kanuni: steringi hafi, na steringi ndiye mwenye nyota. K anapokuta kwamba farasi mdogo wa mbao anayemkumbuka tangu utotoni ni wa kweli, tena ana tarehe 6.10.21 iliyochongwa chini ya miguu, wewe na yeye mnafikia uamuzi mmoja: mtoto ni huyu. Muvi inawaacha mle matumaini hayo kwa muda mrefu, halafu inawanyang'anya. Kumbukumbu ni ya mtu mwingine. K ni askari wa kawaida aliyebebeshwa ndoto isiyo yake, na kuanzia hapo lolote atakalotenda atalitenda bila nyota, bila ahadi, bila hata mtu wa kumshukuru. Mwendelezo wa kuganga njaa usingethubutu kumfanyia steringi wake hivi, na hapa ndipo 2049 inapopita sehemu ya kwanza kwa moyo, ingawa si kwa ugeni wa dunia yake.

Tazama pia ile ya paa na mvua. Joi (Ana de Armas), mchumba wa mwanga anayeuzwa na kampuni ile ile inayotengeneza watu, kwa mara ya kwanza anatoka nje ya nyumba. Matone yanampita katikati, kisha mashine inajirekebisha na yanaanza kuonekana yakimtua mkononi. Wanakaribiana. Simu ya bosi inaingia, na Joi anaganda pale pale, mdomo wazi, kama picha. Sekunde chache hizo zimekueleza K ana nini na hana nini.

Picha ni za Roger Deakins, aliyekuwa ameteuliwa Oscar mara 13 bila kushinda. Kwa kazi hii alishinda, na athari za picha nazo zikapata yao. Majengo makubwa kadhaa ya jiji ni vielelezo vidogo vilivyojengwa kwa mikono na Weta Workshop ya New Zealand, ndiyo maana yanaonekana yana uzito na masizi. Rangi ya chungwa ya Las Vegas ilitokana na dhoruba ya vumbi iliyofunika Sydney mwaka 2009.

Kwa mtazamaji wa Mombasa kuna zawadi ndogo: Barkhad Abdi, akiwa Doc Badger, anatia Kisomali. Ndiye anayempimia K yule farasi na kugundua mionzi inayoelekeza Las Vegas. Anababaishwa na mbao, kwa kuwa katika dunia ile mbao halisi ni utajiri. Huku Mji wa Kale tunaegemea milango ya kuchongwa tukisubiri kahawa.

Sasa utazamaji wenyewe, kwa sababu muvi hii huharibiwa zaidi na nakala mbovu na televisheni iliyopangwa vibaya kuliko na mwongozaji. Nakala ya megabaiti 700 kwa dakika 163 ni chini ya megabiti 0.6 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Ukungu wa Los Angeles na vumbi la Las Vegas ni rangi zinazofifia polepole, na nakala iliyobanwa hivyo haiziwezi: utaona mistari kama ngazi angani na viboksi kwenye giza. Gigabaiti 6, sawa na takriban megabiti 5 kwa sekunde, ndipo inapoanza kueleweka. Diski ya Blu-ray ni bora zaidi. Hakikisha pia nakala ina maandishi ya chini kwa sehemu za lugha nyingine; nyingi za kunakiliwa huyapoteza, na unabaki kukisia.

Kwenye televisheni, ondoa mpangilio wa rangi kali za dukani, weka ule wa sinema, na uzime kile kipengele cha kulainisha mwendo. Muvi ni fremu 24 kwa sekunde. Televisheni ikijiongezea fremu za kubuni katikati, yale mapito ya pole ya kamera yanageuka tamthilia ya mchana. Funga mapazia, maana mwanga wa taa ya barabarani ukipiga kioo, nusu ya muvi hii huioni. Wufa usiiachie besi mpaka mwisho: muziki wa Hans Zimmer na Benjamin Wallfisch unanguruma vya kutosha, na besi ikizidi inameza minong'ono ya Jared Leto, anayeigiza Wallace, mwenye kampuni ya kutengeneza watu. Feni la juu nalo linameza. Joto letu halikuruhusu kulizima, basi washa maandishi ya chini hata kwa Kiingereza. Na usichukue ile iliyotiwa sauti ya dijei wa kutafsiri. Madijei hao ni mafundi kwenye muvi za mapigano, lakini hapa ukimya ndio unaosimulia.

Kabla yake tazama ya 1982, na uchague toleo la The Final Cut la 2007, si lile la awali lenye Ford akisimulia juu ya picha. Kati ya vipande vifupi vitatu vya filamu vilivyotangulia 2049, cha katuni, Black Out 2022, ndicho cha lazima; kinaeleza jinsi kumbukumbu za kompyuta zilivyofutika, jambo linaloikwamisha kesi ya K.

Kasoro zipo. Leto anahubiri, na kila akitokea mwendo unalala. Kundi la waasi linaletwa mwishoni, linatoa hotuba moja, linaondoka. Ni mlango ulioachwa wazi kwa sehemu ya tatu ambayo muvi haikuihitaji. Wanawake wengi wanauawa au kuuzwa, na muvi haiamui kama inalaani au inatazama tu.

Si ya sebuleni na wazazi wala watoto. Kuna uchi wa wazi, tangazo la mwanamke wa mwanga mrefu kama ghorofa, na mauaji ya karibu. Ianze saa mbili na nusu baada ya Isha, watoto wamelala, na saa tano na robo umemaliza. Usiikate katikati umalizie kesho: ile sehemu ya ukutani baharini, K na Luv (Sylvia Hoeks), mtumishi wa Wallace, wakipigana ndani ya gari linalojaa maji, inategemea uchovu wote uliokusanyika kabla yake.