Kozi ya kufanya kazi na watoto na vijana walio hatarini, Malindi: nimemaliza, haya ndo maoni yangu

Simu yangu haijapoa tangu nimalize hii kozi, dada zangu wa mtaani Maweni na hata watu nisiowajua wananiuliza iko vipi, inafaa, kuna kazi, nijiunge? Kwa hivo naandika mara moja hapa na mwenye kutaka asome yote, manake jibu la ndio ama la halitoshi.

Jina la chuo siliandiki. Mji wetu ni mdogo, nikitaja chuo utajua atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nilifanyia wapi, na ukishajua wapi utaanza kuwajua watoto wenyewe, na hao hawakunipa ruhusa ya kuandikwa. Ukiulizia hapa mjini vyuo vyenye hii kozi utavipata tu.

Mimi nilikua nafanya kazi ya kusafisha vyumba hotelini upande wa Casuarina, msimu ukaisha tukarudishwa nyumbani. Kilichonisukuma ni 2023, yale mambo ya msitu wa Shakahola, wafuasi wa mhubiri waliofunga kula mpaka wakafa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni na mochari ilikua hapa hospitali ya Malindi, kila siku nikipita naona watu wamekaa nje ya geti wanasubiri habari ya ndugu zao, na kuna watoto waliookolewa wakiwa hai lakini hawana mtu, nikawa najiuliza huyu mtoto usiku akiamka analia anaamkia kwa nani. Nilikua sijui kama hiyo ni kazi mtu anaweza kusomea.

Basi iko hivi. Ni cheti, miezi tisa, sita darasani na mitatu atachimenti. Diploma wanataka C- ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, mimi nilikua na D+ nikaanzia cheti na sijutii. Karo wanakubali ulipe kidogo kidogo na hawakunifukuza darasani hata siku moja nilipochelewa, hapo nawashukuru kutoka moyoni. Kitu kimoja jipangie mapema, certificate ya good conduct, ile ya polisi ya kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Unaomba kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, ni Sh1,050, halafu unapeleka alama za vidole, na bila hiyo hakuna kituo cha watoto kinachofaa kukuruhusu ukae na watoto. Chuo kilituambia wiki ya mwisho kabla ya atachimenti, wenzangu wawili wakakaa nyumbani zaidi ya mwezi wakisubiri. Hicho si kitu cha kuambiwa mwisho.

Darasani sasa. Somo la sheria ndo lilinifanya niseme hii pesa haikuenda bure. Lilifundishwa na mama mmoja mtu mzima, alikua afisa wa watoto miaka mingi kabla ya kustaafu, na alikua hasomi notsi, anakuja na kisa. Anasema, mtoto wa miaka kumi ameshikwa na polisi kwa kuiba simu pale stendi, wewe ndo umepigiwa, unafanya nini? Tunajibu ovyo ovyo afu anatufungulia Sheria ya Watoto ya 2022. Nilikua sijui kama zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa kama mhalifu, hii sheria mpya ndo ilipandisha ikawa 12, kwa hivo yule wa kumi hana kesi ya jinai, anahitaji mtu wa kujua kwa nini hayuko shule. Alitufundisha pia kafala, manake hii sheria inaitambua, Muislamu kumchukua mtoto asiye na mlezi akamlea bila kumbadilisha ukoo wala jina la babake. Hapo darasa zima lilinyamaza, sababu nusu yetu tumekulia nyumba zenye mtoto wa namna hiyo na hatukuwahi kujua kwamba serikali ina jina la kitu ambacho nyanya zetu wamekifanya miaka yote.

Na alitukaririsha mpaka tukaota, mtoto akibakwa afike hospitali kabla ya masaa 72 apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye karatasi na si mfuko wa plastiki, na laini ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bure, mchana na usiku. Mimi nimezaliwa Malindi, tunajua sote mambo yanayofanyika kwenye baadhi ya nyumba za wageni, ripoti ya UNICEF ilishaandika tangu 2006 kuhusu wasichana wa pwani yetu wanaotumiwa kingono. Lakini kujua ni kitu kimoja na kujua ukimbilie wapi saa nne usiku ni kitu kingine kabisa.

Penye udhaifu nitasema. Somo la madawa ya kulevya lilipewa mchana mmoja. Mchana mmoja, Malindi! Mji ambao kila ukoo una mtu wake maskani wanakotumia dawa, mji ambao hospitali yake inatoa methadone, dawa ya kuwatibu walionaswa na heroini, tangu 2015, na sisi tunapewa fotokopi yenye picha ya ubongo tukaambiwa tusome nyumbani. Mwanafunzi mmoja ambaye kakake anatumia unga, yaani heroini, aliuliza swali, sasa mimi nikimkuta kijana wa miaka kumi na sita ameanza nimpeleke wapi, manake methadone ni ya watu wazima, na mwalimu wa somo hilo akasema tutalifikia. Hatukulifikia. Kwa hivo ukijiunga lisome mwenyewe pembeni, nenda Omari Project, shirika la kusaidia watumiaji wa dawa za kulevya, ambao wako hapa Malindi tangu miaka ya tisini, omba kukaa na kusikiliza.

Atachimenti ndo nataka kuizungumzia sana.

Nilipelekwa kwenye kituo kidogo cha mchana karibu na soko la samaki, watoto wanakuja wanaoga, wanakula uji, wanapumzika, wengine wanarudi shule wengine bado. Supavaiza wangu alikua baba wa makamo tunamwita Mwalimu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kijana wa kama miaka kumi na tatu, anawaoshea mama karanga, wale wanaokaanga samaki wa kuuza, samaki wao na kuwabebea ndoo wanampa ishirini, thelathini. Ndala zake moja ya bluu moja ya kijani, zote za kushoto. Nikatoa fomu yangu ya chuo. Jina? Akanipa jina. Kesho yake akanipa lingine. Siku ya tatu lingine tena, nikaanza kukasirika nikijua ananichezea. Mwalimu akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, hiyo fomu irudishe mkobani. Unajua kucheza dama?"

Basi tukacheza dama. Boksi limechorwa kwa mkaa, yeye vifuniko vya Fanta mimi vya Stoney, na alikua akiingiza kingi anakigeuza kifuniko taratibu kwa kidole kimoja bila kuniangalia. Wiki nzima tukacheza bila kumuuliza kitu. Siku ya nane, katikati ya mchezo, akasema jina lake na la mamake na kijiji walichotoka, yote kwa pamoja, kisha akala kete zangu mbili. Fomu nilikuja kuijaza jioni peke yangu. Darasani hatukufundishwa hivyo, tulifundishwa kwamba fomu ni ya siku ya kwanza.

Sasa lalamiko langu kubwa. Atachimenti ni miezi mitatu na imepangwa kwa ajili ya mwanafunzi, mtoto hakufikiriwa kabisa. Mwezi wa pili yule kijana aliniuliza, "Anti, na wewe ni wa miezi mitatu?" Alishatuhesabu. Kabla yangu kulikua na wengine, kila mmoja alikuja na fomu na tabasamu akaondoka. Nami sikumjibu vizuri, nikasema bado bado nipo. Nilikuja kumwambia wiki ya mwisho. Hakulia wala nini, alivikusanya vifuniko vyake akavitia mfukoni akatoka na siku mbili hakuja kula uji. Mwalimu hakunigombeza, alisema tu siku ya kwanza ndo ya kumwambia mtoto utaondoka tarehe ngapi na nani atabaki naye. Maneno hayo chuo kingetuambia hata kwa nusu saa. Miezi sita ya darasa, na hakuna aliyetufundisha kuaga.

Niliporudi chuoni nikalisema hili kwenye kikao cha wanafunzi, wakaandika, wakasema watalifanyia kazi. Naomba walifanyie kweli.

Kuhusu kazi na mshahara, sitawadanganya, ni mdogo na mara nyingi ni kandarasi ya mradi, mradi ukiisha nawe umeisha. Sehemu nilizoomba nyingi zinataka diploma. Na msifikirie kuajiriwa kwenye nyumba za watoto peke yake, serikali ina mpango wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye hizo nyumba warudi kwa familia, kwa hivo kazi zinaelekea huko, kutafuta jamaa wa mtoto, kukaa nao chini, kurudi tena baada ya mwezi kuona kama anakula na kama anaenda shule. Kama wewe unapenda ofisi hii utaichukia. Mimi saa hii nauza viazi karai na dadangu asubuhi, nimeanza kuweka akiba ya diploma, na Jumamosi narudi kituoni kwa kujitolea. Nilimwambia yule kijana wazi, Jumamosi tu, na isipowezekana nitatuma mtu akwambie. Ilimchukua Jumamosi tatu kuvitoa vifuniko mfukoni.

Kwa hivo nyota nne kwa darasa, sababu ya yule mama wa sheria, na mbili kwa walivyopanga atachimenti. Ukienda kuulizia karo, uliza pia wanafunzi wao wanakaa kituoni muda gani na mtoto anabaki na nani wakiondoka. Wakikutajia mtu, lipa. Wakikuambia tutapanga, zunguka uulize chuo kingine kwanza.