Konokono 10 kwa dola 140: vita vyangu na aiptasia

Nianze na bei, maana ndiyo inayowashtua watu. Konokono 10 wa baharini wa aina ya Berghia, wanaokula aiptasia, wadogo kiasi kwamba ukiwamwaga kwenye mchele hutawaona, dola 140. Usafirishaji wa usiku mmoja, dola 45 juu yake. Mke wangu alipoiona risiti aliniuliza kama kila konokono amekatiwa tiketi yake ya ndege. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamaliza pesa zaidi ya hizo kwa dawa na kamba wa baharini, na akwariamu yangu bado imejaa aiptasia.

Kwa asiyemjua mdudu huyu (si mdudu, ni anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, lakini ukikaa naye miezi miwili utamwita mdudu tu): ana shina la kahawia linalopitisha mwanga, na juu yake mikono myembamba kama nywele. Wengi wana urefu wa sentimita moja au mbili. Mguse, anajivuta ndani ya tundu la jiwe kufumba na kufumbua. Mikono ile inachoma. Tumbawe lililo jirani naye linaanza kujikunyata upande mmoja, kisha nyama inaachia na mifupa meupe inabaki wazi. Tena hasubiri mwenza ili azae. Anajisogeza taratibu juu ya jiwe huku anaacha vipande vya wayo wake nyuma, na kila kipande kinaota kuwa aiptasia kamili. Ukimkwangua kwa kisu umemsaidia kupanda shamba.

Kwangu aliingia na kipande cha tumbawe nilichonunua kwa mtu hapa Columbus, Ohio, ninapoishi. Chini ya kile kipande palikuwa na kidoa cha kahawia, ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Nilikiona, nikapuuza. Baada ya miezi minane, kwenye tangi langu la lita 280, nilihesabu 60 upande wa kioo cha mbele peke yake, nikaacha kuhesabu.

Nilianza na sindano, kama kila mtu. Unachanganya unga wa chokaa na maji kidogo hadi uwe uji mzito, unauvuta kwa bomba la sindano, unazima pampu ili maji yatulie, kisha unausogeza karibu na mdomo wa aiptasia. Anadhani ni chakula, anajifunga nao, anaungua. Chokaa yenyewe ni ileile ya kupaka kwenye tambuu. Nilimweleza bibi yangu Mombasa kwenye simu, naye ametafuna tambuu tangu kabla mama hajazaliwa. Akanyamaza kidogo. "Sasa mjukuu wangu, samaki nao wanakula tambuu huko Marekani?"

Njia hii inafanya kazi, nisiidhulumu. Kama una watatu au watano, usipoteze pesa kwa kitu kingine. Kosa langu ni tamaa: usiku mmoja niliwachoma zaidi ya 20. Chokaa hupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji, na uji mwingi namna ile kwenye tangi la lita 280 si mchezo. Asubuhi samaki wangu wa njano, kangaja, alikuwa anahema juu ya maji kama mtu aliyekimbizwa, ikabidi nibadilishe thuluthi ya maji kabla ya kwenda kazini. Na wale ambao uji haukuwaingia vizuri? Walinywea siku mbili tatu, kisha pale aliposimama mmoja pakatokea duara la watoto.

Kuna mtu alinishauri niyatoe mawe nikayachemshe. Hili nalisema kwa sauti: usichemshe jiwe lililotoka kwenye tangi la matumbawe ndani ya nyumba. Baadhi ya zoanthidi (viumbe wa jamii ya matumbawe wanaoota juu ya mawe), hasa jamii ya Palythoa, zina sumu ya palitoksini, na kuna familia nzima zilizowahi kulazwa hospitali baada ya kuvuta mvuke wake. Hakuna anemoni anayestahili hilo.

Nikaenda kwa kamba. Wanaotafutwa ni wale wenye mistari myekundu iliyofifia, jamii ya Lysmata, wanaotoka Florida na Karibi. Duka nililonunua lilinipa sita, wanne kati yao wakiwa na nundu mgongoni na macho makubwa. Hao ni kamba wengine kabisa, Rhynchocinetes, na hao hula matumbawe badala ya aiptasia. Nilikuja kugundua baada ya kukuta kundi langu la uyoga wa bahari, aina ya tumbawe, limetafunwa pembeni. Wawili wa kweli walikula aiptasia wadogo kwa wiki moja, kisha wakajua saa ya chakula cha samaki. Toka hapo wakawa wanapanga foleni.

Ndipo nikaingia kwa konokono. Berghia stephanieae hana gamba, mgongo wake umejaa vishungi kama mkeka uliofumuka ukingoni, na akikomaa hafikii urefu wa kidole gumba changu kwa mbali. Hali kitu kingine ila aiptasia. Asipompata, anakufa njaa. Kwa hiyo hagusi matumbawe, hagusi samaki, na hahitaji kufundishwa.

Ila kabla hajafika kuna kazi. Wale kamba niliowanunua ili wale aiptasia ilibidi niwatoe, kwa sababu wangewala konokono. Kuwakamata kulinichukua siku nne na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Samaki wangu mdogo wa mistari sita naye nilimgawa, maana siku nzima yeye ni kudonoadonoa mawe. Matundu ya maji kwenda kwenye chujio nikayafunika kwa sifongo.

Walifika Januari, nje kuna theluji, ndani ya boksi la foamu lenye pakiti ya joto iliyokuwa bado vuguvugu. Muuzaji aliweka 11. Nilikaa nao dakika 40 nikiwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone, na saa tatu usiku, taa na pampu zikiwa zimezimwa, nikawashusha mmoja mmoja kwa pipeti kwenye nyufa za mawe, karibu na aiptasia wadogo. Usiwaweke karibu na mkubwa, anaweza kumla konokono mchanga.

Halafu kimya.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, ya tatu, hivyohivyo. Ni wanyama wa usiku, kwa hiyo nilikuwa naamka saa nane kwenda msalani na kurudi nikipitia sebuleni na tochi nyekundu. Aiptasia walikuwa palepale wamekunjua mikono, kama wananipungia. Wiki ya tano, nilipokuwa nimeshaandika zile pesa kwenye hesabu ya hasara, niliona kwenye kioo cha nyuma uzi mweupe uliojizungusha kama jalebi. Mayai. Hawa kila mmoja ni dume na jike, wawili wakikutana wote hutaga, na mayai huanguliwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Siku mbili baadaye nikamwona mmoja akila: amepanda shina la aiptasia, vishungi vimesimama, na yeye mwenyewe aliyekuja mweupe sasa amegeuka kahawia kwa alichokula.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Jiwe la kushoto lilisafishika kabla ya lingine lolote, kisha la katikati. Mwishoni mwa Mei sikuona hata mmoja, hata chini ya pampu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bei, na kwa sababu wakimaliza kazi unabaki na wafanyakazi wasio na chakula. Ukiwa na tangi dogo na aiptasia wachache, usiwanunue, utawaua bure. Chukua chokaa na uvumilivu. Ukiwa na hali kama yangu, nunua mara moja, nunua wa kutosha, na usichome sindano tena baada ya kuwaweka. Unachoma chakula chao.

Niliokoa sita nilioweza kuwaona nikampa jamaa yangu wa Dayton, ambaye tangi lake lilikuwa baya kuliko langu. Hakutaka nitoke mikono mitupu, akanikatia kipande cha tumbawe la kijani. Kizuri sana. Kiko kwenye ndoo peke yake na kijipampu na taa, ni wiki ya tatu sasa, na kila usiku nakigeuza chini juu kwa tochi.