Kaktasi ya Barafu Ndani ya Joto la Tanga: Inunuliwe?

Assalamu alaykum, habari zenu wapenzi watazamaji. Leo mezani tuna Maihuenia poeppigii. Niliiagiza mtandaoni, nikaipokea stendi ya Kange, na tangazo lilisema hivi: haifi, hata barafu haiiwezi.

Sogeza kamera hapo. Haisimami wima kama mpungate wa uani. Vishina vyake vifupi vimebanana mpaka mmea mzima umekuwa kama mto wa kulalia. Tena ina majani! Ni vijani vinene vya mviringo, kama punje za mchele. Miiba imekaa mitatu mitatu, wa katikati mrefu kuliko wenzake. Raha yake ni kwamba haina ile miiba ya unyoyaunyoya ya mpungate, inayokuganda vidoleni ukalala unajikuna.

Haya, hiyo barafu. Muuzaji hajadanganya. Kwao ni milima ya Andes, Chile na Argentina, ambako theluji huifunika na baadaye ikaibuka nzima. Huko kubanana ndiko kunakoikinga na upepo. Waingereza nao wanaiacha nje kwenye bustani zao za mawe. Sasa wewe wa Chumbageni, barafu utaitoa wapi, kwenye deli la muuza samaki? Adui wa huku ni usiku wa joto, hewa nzito ya bahari na mvua za masika.

Angalia chini hapa. Shina limegeuka kahawia, nikiweka kijiti kinazama chenyewe. Linaoza. Na kopo halina tundu hata moja, ndani wamejaza mfinyanzi na samadi! Kaktasi ya mlimani unaipandaje hivyo jamani? Inataka kokoto nyingi na mchanga wa mto kidogo. Ule wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Kwa sura naipa tisa juu ya kumi. Kwa Tanga mjini, weka hela yako mfukoni. Ukitaka kaktasi, mpungate hauna makuu. Mtu wa Lushoto anaweza kujaribu, maana Juni na Julai usiku kule unavuta blanketi, ila aiweke juani, chini ya paa linalopitisha mwanga, mvua isiifikie. Ikimkubali itampa maua ya njano.

Hii yangu nakata vishina vilivyo vizima, navianika kivulini mpaka vidonda vikauke, halafu vinapanda basi kwenda Lushoto kwa shangazi.