Gari likichemsha, nunua nini kwanza?

Mshale wa joto ukipanda, wengi wetu hukimbilia duka la spea kutafuta feni. Mimi nilinunua feni nzima, mota na mapanga yake, nikaifunga, na gari likaendelea kuchemsha vilevile. Kumbe waya wa eathi wa feni, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeota kutu pale unapofungwa kwenye bodi, na feni niliyoitoa haikuwa na kosa lolote. Tangu hapo nimegeuza mpangilio: vya kupimia kwanza, spea baadaye. Nimevipanga hapa kwa jinsi ambavyo ningevinunua tena, kwa gari lenye feni ya umeme. Nyuzi zote ni za Selsiasi.

Kabla ya kutoa hata senti, jiulize gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, feni inashukiwa. Likichemsha kwenye mwendo mkali, iache feni, maana upepo wa barabarani peke yake ungetosha. Hapo tafuta rejeta iliyoziba, themostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto) iliyogoma au wota pampu iliyochoka. Na kiwango cha maji kiangaliwe injini ikiwa baridi.

1. Skana ya OBD2

Hii ni ya kwanza na sioni mpinzani wake. Ni kidude cha kusomea taarifa za kompyuta ya gari, cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, na zile za bei ya chini hutuma taarifa kwenye simu kwa Bluetooth. Marekani iliifanya soketi hiyo kuwa ya lazima kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa ya petroli na 2004 kwa ya dizeli. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani linaweza kuwa na soketi ileile lakini likakataa kuongea na skana nafuu, kwa hiyo ijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Hakikisha pia inaonyesha data wakati injini inaunguruma. Zile za kusoma kodi (namba za hitilafu) na kuzifuta tu ziache dukani.

Mshale wa dashibodi hautoshi kwa kazi hii. Kwenye magari mengi ya kisasa umetulizwa makusudi: joto liwe nyuzi 82 au 100, wenyewe umekaa katikati ili dereva asipate wasiwasi. Siku unapoanza kupanda, umeshachelewa. Skana inakupa namba ya joto la maji ya injini, kutoka kwenye sensa inayolipima, na namba ina hadithi ya kufuata. Washa gari asubuhi: isome karibu sawa na joto la hewa, ipande taratibu, isitesite kidogo themostati inapofunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90. Gari likiwa limesimama itapanda tena mpaka feni iwake, mara nyingi kati ya 95 na 105, kisha ishuke nyuzi kadhaa na feni izime. Ukiuona mzunguko huo mara tatu mfululizo, feni, sensa na rilei (swichi ya umeme inayoiwasha feni) vyote vinafanya kazi.

Ukiona -40, si baridi hiyo. Waya wa sensa umekatika au plagi imechomoka. Kompyuta za magari mengi hapo huwasha feni moja kwa moja kwa tahadhari, ndiyo maana feni isiyozima mara nyingi ni tatizo la sensa ingawa lawama huiendea rilei. Kodi za kukariri ni chache: P0117 na P0118 kwa sensa, P0128 kwa injini isiyofikia joto lake (themostati iliyobaki wazi ndiyo mshukiwa wa kwanza), P0480 kwa umeme wa kuiongoza feni.

Lakini sensa hupima maji yanayoigusa. Yakipungua hadi ikabaki kwenye hewa, itasoma chini huku injini inaungua.

2. Taa ya kujaribia umeme, pamoja na multimita

Nunua taa yenye balbu ya kawaida, si LED. Waya uliobakiza uzi mmoja mzima ndani utaionyesha multimita (kipimo cha volti na ohm) volti 12 kamili, lakini hauwezi kubeba ampea kumi na zaidi ambazo feni inazihitaji. Balbu inavuta umeme kiasi, kwa hiyo inaweza kufifia na kukufichulia siri. Chomoa plagi ya feni, washa AC (magari mengi huwasha feni hapohapo), weka taa katikati ya pini mbili za plagi. Ikiwaka vizuri, umeme unafika na mota ndiyo imekufa. Isipowaka, rudi nyuma: fyuzi, rilei, eathi. Rilei ijaribu kwa kubadilishana na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi la fyuzi. Ya honi mara nyingi hufanana nayo. Hiyo nayo haigharimu kitu.

Multimita ni ya sensa. Katika magari mengi sensa husoma ohm elfu mbili hadi tatu kwenye nyuzi 20, na kushuka hadi mia mbili na kitu au mia tatu injini ikipata moto. Sensa ikikaa palepale, itupe.

3. Kifuniko cha rejeta

Spea ndogo inayodharauliwa kuliko zote. Maji na kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu huchemka karibu na nyuzi 107 bila presha. Kifuniko kizima cha bar 1 hukisukuma kiwango hicho kupita 120. Springi ikilegea, maji yatachemka mapema ingawa feni, pampu na themostati ni vizima. Nunua chenye namba ileile iliyogongwa juu yake, 0.9 au 1.1 au vyovyote iwavyo. Kikali zaidi kinaweza kuipasua mipira mikuukuu ya maji. Na usikifungue injini ikiwa moto, hata kama una haraka ya namna gani.

4. Themostati

Itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto huku kipimajoto kimo ndani, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Nunua yenye nyuzi zilezile na gasketi mpya. Fundi akikuambia itolewe kabisa "gari lipumue", kataa. Injini itakawia kupata joto, itakunywa mafuta zaidi, na tatizo lenyewe litabaki limejificha.

5. Kipimajoto cha mionzi

Kile cha umbo la bastola. Kinafaa kutafuta sehemu za rejeta zilizoziba, kwa sababu hubaki baridi kuliko jirani zake. Alumini inayong'aa hukidanganya kisome chini, kwa hiyo bandika tepu nyeusi kwanza. Nimekishusha hadi hapa kwa kuwa hakikuambii joto la maji ndani.

6. Sensa

Ipimwe kwanza, ndipo inunuliwe. Angalia idadi ya pini, maana baadhi ya magari yana sensa mbili: ya kompyuta na ya mshale. Ukibadilisha isiyohusika utabaki unaishangaa dashibodi.

7. Feni

Ya mwisho kwa makusudi. Kama taa imekuthibitishia kuwa mota imekufa, linganisha plagi, kipenyo na idadi ya mapanga, na usiiache kava yake ya plastiki, kwani bila kava feni huzungusha hewa ileile pembeni. Kwa iliyotumika, zungusha kwa mkono usikilize bearingi, kisha iwashe kwa betri dukani papo hapo. Ukishaifunga, weka karatasi mbele ya rejeta: feni iliyo upande wa injini inapaswa kuivuta ing'ang'anie. Ikiipeperusha, nyaya za mota zimegeuzwa, na feni mpya kabisa inashindana na upepo wa barabarani.