Glas: dakika 11 za kuangalia chupa zikitengenezwa

Nilijua nitaizima mapema. Filamu ya mwaka 1958 kutoka Uholanzi, inahusu viwanda vya kioo, na haina msimulizi. Nani ana muda huo? Nikaimaliza, nikairudia palepale, na jioni nikamwita mke wangu naye aione.

Mwongozaji wake, Bert Haanstra, alikuwa ameagizwa kutengeneza filamu ya kukitangaza kiwanda cha kioo cha Leerdam. Akawapa yao, na hii akaitengeneza pembeni kwa ladha yake mwenyewe. Ya pembeni ndiyo iliyobeba Oscar.

Mwanzoni tuko na mafundi wa mkono. Donge la kioo linatoka tanuruni likiwaka kama kaa, limenasa kwenye ncha ya bomba refu la chuma. Fundi analizungusha, analipuliza, mashavu yanamjaa. Ukimtazama utasema mpiga tarumbeta, na Haanstra kaliona hilo zamani: jazi inapuliza pale fundi anapopuliza, ikipumzika naye anavuta pumzi. Usiiangalie kwa spika ya simu, vaa spika za masikioni, la sivyo utakosa nusu ya utamu.

Halafu zinaingia mashine, na muziki nao unageuka kuwa wa kugongagonga. Chupa zinapita kwa mstari, zote sawa. Mara moja inakuja imevunjika shingo. Mkono wa mashine unataka kuinyakua, unashika hewa. Ya nyuma inaisukuma, na ya nyuma yake vilevile, zinarundikana, zinaanguka, zinapasuka, na mashine wala haina habari, inaendelea tu! Mpaka anakuja mtu na kuiondoa ile mbovu kwa mkono wake.

Nilicheka peke yangu. Niliwahi kufanya kibarua kwenye laini ya soda, chupa ikilala kwenye mkanda, wote tunapiga kelele "zima, zima!" Ningepewa maneno elfu nisingelieleza tukio hilo vizuri kuliko lilivyo pale, bila msimulizi.

Kinachonikera ni kwamba kila fundi anapendeza mno. Joto la tanuru unaliona kwa rangi tu, hulihisi. Mke wangu alipomaliza aliuliza kitu kimoja: yule wa mashavu, alikuwa akilipwa kwa siku au kwa idadi ya vyombo? Tukairudisha nyuma tumtazame tena.