SUMO kwa kufunza magari kugawana masafa: barabara ipo tayari, redio ulete mwenyewe

Kabla ya kufunza algorithimu igawe masafa ya redio kwa magari yanayowasiliana, unahitaji magari yanayotembea kama magari. Kwa kazi hiyo SUMO, programu huria ya kuiga mwendo wa magari barabarani inayopatikana tangu mwaka 2001 kutoka DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, bado ni chaguo zuri. Ila imeundwa kwa watu wa barabara, na mtu wa redio akiitumia kama ilivyo, mipangilio yake ya awali itamponza.

Anza na saa. Hatua moja ya uigaji ni sekunde 1, na kwa kasi ya km 60 kwa saa gari linaruka karibu mita 17 kati ya hatua mbili, huku ujumbe wa usalama ukiweza kutumwa kila milisekunde 100. Weka `--step-length 0.1` na mruko unashuka hadi mita 1.7. Usishuke hadi milisekunde 1, utaipa SUMO mzigo wa bure. Kadiria mahali pa gari kati ya hatua ndani ya programu yako, na mabadiliko ya haraka ya mawimbi yakokotoe hukohuko.

Mtego mkubwa zaidi haupigi kelele. Usipogusa kitu, mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya uigaji) ni 23423 kila unapoiwasha, kwa hiyo magari yaleyale yanapita njia zilezile kila raundi. Grafu ya tuzo inapanda vizuri, kumbe wakala, yaani algorithimu inayojifunza kwa tuzo na adhabu, amekariri barabara. Dalili ni moja: badilisha mbegu, na matokeo yanaporomoka papo hapo. Toa `--seed` mpya kila raundi, na mbegu kadhaa uzifungie pembeni kwa majaribio tu. `randomTrips.py`, hati ya SUMO ya kutunga safari za nasibu, nayo ina mbegu yake, na wengi huisahau.

Kisha kuna magari yanayohamishwa kimiujiza. Gari likikwama kwenye foleni kwa sekunde 300, SUMO huling'oa na kulipeleka mbele. Barabarani hilo halisumbui sana. Kwenye redio, nguvu ya mawimbi inabadilika ghafla na wakala anapewa tuzo au adhabu isiyomhusu. `--time-to-teleport -1` inazima tabia hiyo, lakini chunga makutano yasije yakajifunga kabisa. Kubadilisha leni nako ni mruko wa mita 3.2, upana wa leni wa kawaida wa SUMO. Ukitaka kujilinganisha na mazingira ya mjini ya 3GPP, shirika la viwango vya mitandao ya simu, leni ziwe mita 3.5.

Kuhusu kasi: kumuuliza kila gari mahali lilipo kupitia soketi ya TraCI, njia ya programu yako kuzungumza na SUMO, kunachosha mashine. Tumia `subscribe`, upokee taarifa zote kwa pamoja, au badilisha mstari mmoja uwe `import libsumo as traci`, na soketi inaondoka njiani. Libsumo huendesha uigaji mmoja kwa kila mchakato, kwa hiyo fungua michakato mingi sambamba. GPU iachie mtandao wa neva. SUMO haina haja nayo.

Redio sasa. SUMO haina. Majengo yanayoletwa na `polyconvert`, zana ya SUMO ya kuingiza ramani za majengo, ni michoro tu, hayazuii mawimbi. Lazima uangalie mwenyewe kama mstari kati ya magari mawili unakata jengo, la sivyo gari lililo nyuma ya kona litasikika kama lililo mbele yako. Nukta ya mahali gari lilipo inayotolewa na SUMO pia ni ya bampa la mbele. Kwa gari la mita 5, antena ya katikati ya paa iko mita 2.5 nyuma yake. Usipotaka kuandika redio, Veins, programu ya kuiga mawasiliano ya magari, inakupa 802.11p (aina ya Wi-Fi ya magari) iliyounganishwa na SUMO, ingawa kuifungia wakala wa Python ni kazi ya ziada.

Mpinzani wa kupimana naye si uchaguzi wa bahati nasibu, ni utaratibu wa Mode 4 wa LTE-V2X, mawasiliano ya magari kwa teknolojia ya 4G, ambapo kila gari hujichagulia nafasi ya kutuma bila mnara. Kwenye MHz 10 kuna vipande 50 vya kHz 180. Vigawe chaneli ndogo 5, na dirisha la milisekunde 100 linakupa nafasi 500. Gari husikiliza sekunde 1, hutupa nafasi zenye mawimbi makali, hulegeza kizingiti kwa dB 3 kama zimebaki chini ya asilimia 20, kisha huchota moja kati ya asilimia 20 tulivu zaidi. Kwa ujumbe 10 kwa sekunde, nafasi hiyo hutumika mara 5 hadi 15 kabla ya kufikiria upya. Magari mawili yakigongana hewani yataendelea kugongana nusu sekunde hadi sekunde moja na nusu, na zaidi kama yakiamua kubaki na nafasi ileile. Hapo ndipo wakala ana cha kuokoa.

Andika pia kanuni kwamba gari linalotuma halisikii: mawili yakituma katika milisekunde ileile, hata kwa chaneli ndogo tofauti, hayapati ujumbe wa mwenzake. Ukiiacha, hata bahati nasibu itaonekana hodari. Na tuzo usiifunge kwenye jumla ya biti, maana wakala atawanyima walio mbali. Pima asilimia ya pakiti zilizofika kwa kila umbali, kwa mfano kila mita 20.